Kimya kingi kina mshindo mkuu: Hatari ya volkano zisizo na kilele

Wahenga walinena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Methali hii nimeifundisha kwa miaka mingi, nikaichambua sauti zake na muundo wake, lakini nakiri kwamba sikupata kuielewa barabara hadi siku niliposimama ukingoni mwa kasoko ya Menengai, karibu na mji wa Nakuru. Nilikuwa nimeandamana na kundi la wanafunzi wangu waliokuwa wakikusanya majina ya mahali katika Bonde la Ufa, kwa kuwa sisi watu wa isimu huamini kwamba jina la mahali ni hati ya historia. Mmoja wao, binti wa pwani ambaye hakuwa amepata kuiona volkano isipokuwa vitabuni, alitazama huku na huko kisha akaniuliza kwa mshangao: "Mwalimu, mlima wenyewe uko wapi?"

Nilimwonyesha ardhi tuliyoikanyaga. Mlima ndio huu, nilimwambia, na shimo lile pana lililo mbele yetu, lenye vichaka na mawe meusi na mvuke unaofuka hapa na pale, ndipo kilele chake kilipojimeza. Binti yule alinyamaza kwa muda, kisha akarudi nyuma hatua mbili.

Swali lake lilinikaa moyoni. Tangu shule za msingi tumewaambia watoto wetu kwamba volkano ni mlima utoao moto. Mtoto huchora pembetatu, akaitia moshi utosini na michirizi myekundu ubavuni, naye mwalimu akampa alama zote. Ole wetu basi, kwa maana volkano za kutisha kupita zote duniani hazina pembetatu. Nyingine ni ziwa tulivu ambamo wavuvi hutupa nyavu. Nyingine ni mbuga ya wanyama ambamo watalii hupiga picha. Nyingine ni mji wenye shule, makanisa na masoko. Hata Menengai yetu, ambayo kasoko yake ina ukubwa wa takriban kilomita 12 kwa 8, ni kitoto tu mbele ya hizo ninazotaka kuzizungumzia leo.

Waingereza wamezipa volkano hizo jina kwa kutanguliza kiambishi cha Kilatini chenye maana ya kitu kilichopita kiasi. Sisi tungeweza kutumia ukubwa wa kisarufi, tukasema "jivolkano" na "majivolkano", ila ukubwa huo katika Kiswahili aghalabu huchanganyika na dharau au mzaha. Kwa hiyo nitaziita volkano kuu. Iwapo msomaji ana istilahi bora zaidi, na ailete. Lugha hukua kwa kuchangiana.

Ni volkano ipi basi inayostahili cheo hicho? Mwaka 1982 wanasayansi wawili, Christopher Newhall na Stephen Self, walichapisha kipimo cha nguvu za milipuko kinachoanzia 0 hadi 8. Katika ngazi za juu, kila ngazi inaizidi iliyo chini yake takribani mara kumi. Mlima St. Helens wa Marekani, uliolipuka mwaka 1980 na kuwaua watu 57, ulifikia ngazi ya 5 na kurusha takriban kilomita moja ya ujazo ya majivu na mawe. Pinatubo wa Ufilipino, uliolipuka mwaka 1991, ulifikia ngazi ya 6. Volkano kuu ni ile iliyopata kufikia ngazi ya 8, yaani iliyotapika zaidi ya kilomita 1,000 za ujazo kwa mlipuko mmoja. Idadi hiyo ni rahisi kuitamka na ni vigumu kuiona akilini, basi na tuipime kwa kipimo cha nyumbani. Kilomita 1,000 za ujazo, zikitandazwa sawasawa juu ya ardhi yote ya Kenya, kuanzia Vanga hadi Lokichoggio, zingeifunika nchi kwa kina cha zaidi ya mita moja na nusu. Mtu mzima wa kimo cha kawaida angezama hadi utosini.

Siri ya nguvu hizo imo katika subira. Chini ya ardhi, kilomita kadhaa kwenda chini, miamba iliyoyeyuka hujikusanya kama uji mzito katika chungu kilichofunikwa. Uji huu una gesi na mvuke wa maji uliobanwa ndani yake, kama ilivyobanwa gesi katika chupa ya soda. Mlima wa kawaida hupumua mara kwa mara, ukatoa kidogo leo na kidogo kesho. Volkano kuu hukusanya kwa maelfu ya miaka, huku sehemu kubwa ya uji huo ikipoa na kugandamana, hata sehemu ya kutosha inapopata joto upya na kifuniko kikashindwa kuizuia. Nyufa zikifunguka pande zote, gesi hufumka kwa mara moja na kuufanya ule uji kuwa vumbi la vioo. Chungu kikishakuwa kitupu, kifuniko chake, yaani ardhi ya juu pamoja na milima yake, hutumbukia ndani. Ndiyo sababu hakuna kilele kinachobaki. Hubaki bonde pana liitwalo kaldera, na mvua za karne nyingi huligeuza kuwa ziwa.

Tazama Yellowstone kule Marekani. Mahali hapo palitangazwa kuwa mbuga ya taifa mwaka 1872, na watu wakawa wanafurika kutazama chemchemi zake za maji moto, lakini ilipita takriban karne nzima kabla ya wanajiolojia, akiwemo Robert Christiansen, kuubainisha ukingo wa kaldera yenyewe. Ilikuwa kubwa mno, kiasi cha kilomita 70 kwa 45, hata aliyesimama ndani yake hakuweza kujua kwamba yumo ndani ya kitu. Volkano hiyo imelipuka kwa ukali mara tatu: miaka milioni 2.1 iliyopita, miaka milioni 1.3 iliyopita, na miaka 640,000 iliyopita.

Tazama pia Campi Flegrei nchini Italia, magharibi mwa mji wa Naples, ambayo haikufikia ngazi ya mwisho lakini takriban miaka 39,000 iliyopita iliifunika sehemu kubwa ya Ulaya mashariki kwa majivu. Katika mji wa Pozzuoli, uliojengwa ndani ya kaldera hiyo, zimesimama nguzo tatu za soko la Warumi. Nguzo hizo zimetobolewa na viumbe wa baharini mita kadhaa juu ya sakafu. Maana yake ni kwamba ardhi ilididimia hadi nguzo zikaingia baharini, kisha ikainuka tena. Kati ya mwaka 1982 na 1984 iliinuka kwa karibu mita 1.8, na watu wapatao 40,000 wakahamishwa. Tangu mwaka 2005 imeanza kuinuka upya, na watu wapatao nusu milioni wanaishi katika eneo la hatari kuu. Hao huamka asubuhi, wakapeleka watoto shule, wakanunua mkate. Kimya hicho ndicho wahenga walichokisema.

Hata hivyo, mfalme wa volkano hizi ni Toba, katika kisiwa cha Sumatra nchini Indonesia. Leo ni ziwa lenye urefu wa kilomita 100 na upana wa kilomita 30, na katikati yake kuna kisiwa cha Samosir, kilichosukumwa juu na nguvu zilizosalia chini baada ya mlipuko. Takriban miaka 74,000 iliyopita Toba ilirusha si chini ya kilomita 2,800 za ujazo. Majivu yake yaliitandika Bara Hindi yote, yakavuka bahari, na mwaka 2013 watafiti walitangaza kwamba wameyapata katika matope ya chini ya Ziwa Malawi, ambalo jirani zetu wa Tanzania huliita Nyasa. Chembe za vioo zisizoonekana kwa macho zilisafiri kilomita 7,000 kutoka Sumatra hadi mlangoni petu. Anayedhani kwamba Afrika Mashariki iko mbali na mambo haya na alitafakari safari hiyo.

Wenyeji wa Toba, watu wa kabila la Batak, wana hekaya kuhusu chimbuko la ziwa lao. Husimulia habari za mvuvi aliyemwoa mwanamke aliyegeuka kutoka samaki, akala kiapo kwamba hatamtaja mtu asili yake, kisha akakivunja kwa hasira alipomkemea mwanawe. Maji yakabubujika na kulifunika bonde. Niliposoma hekaya hiyo nilikumbuka Simbi Nyaima, ziwa dogo la kasoko karibu na Kendu Bay. Waluo husimulia kwamba hapo palikuwa na kijiji kilichomnyima mwanamke mkongwe hifadhi, na usiku uo huo kikazama majini. Si kwamba Wabatak wanaukumbuka mlipuko wenyewe, kwani hakuna kumbukumbu ya mdomo inayodumu miaka elfu sabini. Lakini watu wa pande mbili za Bahari ya Hindi, wakiyatazama maji yaliyotulia shimoni, walitambua kwamba utulivu huo haukuanza kwa utulivu.

Mwaka 1998 mwanaanthropolojia Stanley Ambrose alitoa dai kwamba mlipuko wa Toba ulileta majira ya baridi ya miaka kadhaa, na kwamba wazee wetu wa kale, waliokuwa wengi wao hapa Afrika, nusura watoweke. Dai hilo lilienea sana, na huenda msomaji amelisikia. Lakini elimu haisimami. Matope yale yale ya Ziwa Malawi hayakuonyesha dalili ya baridi kali, na uchimbuzi wa pwani ya Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba watu wa huko waliendelea na maisha yao na hata kustawi. Mwaka 2024 habari kama hizo zilitoka Ethiopia: ukame ulipozidi, watu walibadili chakula, wakala samaki zaidi. Waliopona ni walioweza kubadilika. Nawaomba walimu wenzangu waifundishe sehemu hii ya pili ya hadithi kwa bidii ile ile wanayoifundishia ya kwanza.

Sasa tuje kwenye kiini. Wengi hudhani kwamba volkano huua kwa moto. Moto huwaua walio karibu. Walio mbali huuawa na njaa. Mlipuko mkubwa huipeleka gesi ya salfa kwenye tabaka la juu la anga, lisilofikiwa na mvua, na huko gesi hiyo hugeuka kuwa ukungu mwembamba unaolizuia jua kwa mwaka mmoja, miwili au zaidi. Joto likipungua hata kwa nusu digrii, pepo za msimu hulegea na mvua hupotea njia.

Hatuhitaji kwenda hadi Toba kupata ushahidi. Mwezi wa Aprili mwaka 1815 mlima Tambora wa Indonesia ulilipuka kwa nguvu za ngazi ya 7. Waliokufa visiwani, wengi wao kwa njaa na maradhi yaliyofuata, wanakadiriwa kuzidi 60,000. Mwaka uliofuata theluji ilianguka kaskazini mashariki mwa Marekani mwezi wa Juni, na Ulaya ikavuna mabua matupu. Watu wakavunja maghala ya nafaka. Katika kiangazi hicho kisicho na jua, Mary Shelley, akiwa amefungiwa ndani na mvua kando ya ziwa la Geneva, alianza kuiandika riwaya ya Frankenstein. Wengi wa wale walioshika matumbo yao kwa njaa hawakupata kujua kwamba adui yao alikuwa mlima wa ng'ambo ya pili ya dunia.

Na Afrika je? Mwaka 1783 nyufa za Laki, kule Iceland, zilianza kutoa moto na gesi, zikaendelea kwa muda wa miezi minane. Huko kwenyewe karibu robo ya watu walikufa. Lakini mvua za nyanda za juu za Ethiopia nazo zilipungua, Mto Nile haukufurika kama ilivyokuwa desturi, na Misri ikakumbwa na njaa kali. Mkulima wa Misri angeambiwaje kwamba shamba lake limekauka kwa sababu ya ufa katika kisiwa cha barafu asichopata kusikia jina lake? Utafiti wa karne hii ndio ulioyaunganisha mambo hayo mawili.

Mtu wa kuogofya watu angeishia hapa. Mimi ni mwalimu, nami nadaiwa ukweli kamili. Milipuko ya ngazi ya 8 hutokea mara moja katika makumi ya maelfu ya miaka; wa mwisho ulikuwa ule wa Taupo, New Zealand, takriban miaka 25,500 iliyopita. Wachunguzi wa serikali ya Marekani hukadiria kwamba uwezekano wa Yellowstone kulipuka vile katika mwaka wowote ni kama moja kwa 730,000, na sehemu kubwa ya uji wake wa miamba imeganda. Neno "imechelewa", linalopendwa na magazeti, ni neno la matatu, si la volkano. Volkano haina ratiba. Lakini mlipuko wa ngazi ya 7, mdogo wake Toba na ndugu yake Tambora, ni jambo jingine. Mwaka 2022 watafiti Michael Cassidy na Lara Mani waliandika kwamba uwezekano wa kutokea mmoja katika karne hii ni kama moja kwa sita. Hiyo ni bahati ya dado, na hakuna mzazi atakayecheza dado na chakula cha wanawe.

Nasi tumekwisha kuonjeshwa. Mwaka 2022 vita vilipozuka Ukraine, bei ya unga wa ngano ilipanda hadi katika vibanda vya chapati mitaani mwetu, kwa sababu sehemu kubwa ya ngano tunayoila, na ya mchele pia, hutoka ng'ambo. Vita hivyo viliathiri nchi chache zenye kuuza nafaka. Jua likififia, zitaathirika nyingi kwa wakati mmoja, na kila mwenye nafaka atafunga mlango wake. Usipoziba ufa utajenga ukuta: ghala la taifa lenye akiba ya kweli, mihogo, mtama na wimbi ambavyo tumevidharau, na vituo vya kuchunguza hali ya anga, hivyo ndivyo vya kuzibia ufa huu. Vitatufaa hata volkano isipolipuka, maana ukame hauhitaji mwaliko.

Kuna atakayeuliza: mwalimu wa lugha ana nini na volkano? Nitamjibu kwa mifano miwili. Mwezi wa Oktoba mwaka 1985 wataalamu wa Kolombia walichora ramani iliyoonyesha kwamba mlima Nevado del Ruiz ukilipuka, mji wa Armero utafunikwa na matope. Ramani ilikuwa sahihi. Tarehe 13 Novemba mlima ulilipuka, na watu wapatao 23,000 waliangamia, kwa sababu elimu iliyokuwa kwenye karatasi haikugeuka kuwa amri iliyoeleweka na kutiiwa. Miaka sita baadaye, Pinatubo ulipoanza kunguruma, wananchi na viongozi wa Ufilipino walionyeshwa filamu iliyopigwa na wanandoa Wafaransa, Maurice na Katia Krafft, ili waone kwa macho yao volkano hufanya nini. Makumi ya maelfu walihama, na maelfu waliokolewa. Wanandoa hao wenyewe walikuwa wamekwisha kufa, wakiichunguza volkano ya Unzen nchini Japani, siku 12 kabla ya mlipuko mkubwa wa Pinatubo.

Na lugha huokoa hata maarifa yaliyopotea. Kwa muda mrefu wanasayansi walikuwa wakiona katika barafu ya Greenland na Antaktika alama ya mlipuko mkubwa wa karne ya 13, wasijue ulitokea wapi. Mwaka 2013 walitangaza kwamba ulikuwa wa mlima Samalas, kisiwani Lombok, mnamo mwaka 1257. Miongoni mwa mashahidi wao kulikuwa na maandishi ya Kijava cha kale, yaliyoandikwa juu ya majani ya mti wa jamii ya mvumo, yasimuliayo kuangamia kwa mji wa Pamatan. Wenyeji walikuwa wameyahifadhi habari hizo siku zote. Hakuna aliyekuwa amewauliza kwa lugha yao.

Ndiyo sababu nawasihi walimu, wa jiografia na wa Kiswahili, washirikiane. Mwanafunzi akielezwa kaldera kwa Kiingereza kitupu, huikariri hadi siku ya mtihani. Akielezwa kwa chungu, uji na kifuniko, ataweza kumweleza nyanya yake, na nyanya atamweleza jirani. Wanafunzi nao wasingoje. Wawaulize wazee majina ya mashimo, maziwa na vilima vya kwao, wayaandike kabla wenyewe hawajaondoka nayo.

Yule binti wa pwani ameniandikia insha juu ya majina ya Bonde la Ufa. Ameeleza kwamba Longonot ni jina la Kimaasai la mlima wenye matuta mengi, na Ol Doinyo Lengai ni mlima wa Mungu. Ameongeza, bila kuombwa, kwamba moto uo huo wa chini ndio umekuwa ukizungusha mitambo ya Olkaria tangu mwaka 1981, na kwamba mvuke wa ardhini sasa hutupatia takriban asilimia 40 ya umeme wetu. Chini ya kichwa cha insha amechora volkano. Hakuchora pembetatu. Amechora duara pana, na pembeni yake watu wadogo wamesimama, wakitazama ndani.